Chanuo Halibaki Kichwani

Raheli aliponipigia simu kuniambia kwamba anakuja Lushoto kuzungumza na wanafunzi wangu, nilimwambia, "Karibu sana, ndugu yangu," nikakata simu, nikaenda kujitazama kwenye kioo. Sikuwa nautafuta uzuri. Huo ulishaaga na wala hatukugombana. Nilitaka kuona kama wivu wangu unaonekana. Wivu ukikaa na mtu zaidi ya miaka ishirini, nilidhani lazima uache alama mahali fulani, kama moshi unavyoacha weusi kwenye dari ya jikoni. Nikamwona mwalimu wa baiolojia wa kawaida, mwenye miwani na mvi za pembeni, mdomo umefungwa vizuri. Nikaridhika. Nikatoka kwenda sokoni kumtafutia mgeni kuku.

Raheli ni mtafiti wa virusi. Anafanya kazi nje ya nchi, katika maabara yenye jina lake mlangoni, na ana protini moja ambayo ameishughulikia tangu tulipoachana. Mimi nafundisha shule ya wasichana huku milimani, nina nyumba na bustani ya kabichi, na wanafunzi wangu wananiogopa kwa kiasi kinachofaa. Sikuharibikiwa na maisha. Nasema mapema ili nisihurumiwe. Huruma siipendi na katika habari hii haina kazi. Lakini mwaka ule tulioishi chumba kimoja, nafasi ya kwenda kusomea virusi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, na aliyeipata aliipata kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Nililokuwa nalisubiri tangu siku ile ni dogo tu: aseme. Asimame mbele ya watu, aseme kwamba yale maneno yalikuwa ya Foibe.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko la hospitali moja ya misheni, ndani ndani huko milimani, mahali ambapo ukungu huingia dirishani asubuhi na kukaa kitandani kama mwenyeji. Tulikuwa tumemaliza kidato cha sita, tumeajiriwa kusaidia maabara: kuosha vioo, kubandika majina kwenye chupa za damu, kushika mikono ya watoto wanaoogopa sindano. Vitanda vyetu viwili vilitenganishwa na meza moja, na ukuta uliotutenga na jiko ulikuwa wa mbao, kwa hiyo tulijua chakula cha wagonjwa kabla wagonjwa wenyewe hawajajua. Asubuhi palinuka uji, mchana maharage, na jioni wapishi walipotupenda walitupitishia makande ya moto kwenye sufuria iliyobonyea. Ninaposema walitupenda namaanisha walimpenda Raheli. Alikuwa mfupi, mcheshi, anajua kusalimia. Hakuna mzee aliyepita mbele yake bila kupewa shikamoo yake kamili na kuulizwa habari za mguu, za mbuzi, za mjukuu aliyehamia Korogwe. Kwa sababu hiyo meza yetu ilikuwa haikosi peasi wala mayai, na yote yaliletwa kwa ajili yake. Nilikula, nisidanganye. Nilikula huku nikijiambia kwamba mtu mwenye akili hahitaji kupendwa na wapishi.

Akili nilikuwa nayo mimi. Hilo lilijulikana. Matokeo yangu yalimshinda Raheli katika kila somo la sayansi, na mimi ndiye niliyemweleza kemia jioni, nikichora kwa mkaa kwenye sakafu. Aliuliza maswali ya kijinga bila aibu yoyote, na nikimjibu alicheka kwa furaha, kana kwamba nimempa zawadi. Nilipenda kumfundisha. Nilipenda hasa ile dakika kabla hajaelewa, ambapo mimi nipo juu na yeye yupo chini. Sasa hivi naweza kuiandika sentensi hiyo kwa utulivu. Wakati ule ningempiga kofi mtu ambaye angeniambia.

Mwaka huo dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa ndiyo kwanza zinapanda milimani, na pamoja nazo akapanda Dokta Salimu. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, mwembamba, mwenye kuhisi baridi kupita kiasi. Alivaa sweta mbili na koti la maabara juu yake. Alikuwa anachunguza protini moja ndogo ya kirusi, akitaka kujua kama ina sura ileile katika damu ya watu wa huku kama ilivyoonekana kwingine. Isipobadilikabadilika, alisema, basi siku moja itapatikana dawa ya kuifunga. Kila Jumamosi, kazi ikiisha, alitukalisha wawili mbele ya ubao na kutufundisha. Mwisho wa mwaka angempeleka mmoja wetu kusoma, kwanza Dar es Salaam, kisha mbali zaidi. Alituambia hivyo siku ya kwanza kabisa, waziwazi, na tangu siku hiyo sikulala tena katika chumba kile kama mtu anayelala na rafiki yake.

Nakumbuka Jumamosi ya ile protini. Dokta alichora nyuzi mbili zilizojikunjakunja. "Kirusi kinabeba nyuzi hizi mbili za vinasaba," alisema. "Kikishaingia ndani ya seli ya mtu lazima kiziandike upya, kwa mwandiko unaotumiwa na seli, ndipo kipate kujificha humo. Lakini kuandika hakuanzi hivi hivi. Panatakiwa kipande kifupi cha kuanzia, na kirusi hakina chake. Kinatumia kipande kilichochukuliwa kwenye seli ya mtu."

"Anakuja kuniibia, halafu anaazima panga langu la kuvunjia mlango wangu?" Raheli aliuliza.

"Ndiyo hivyo."

"Mwizi huyu hana haya, Dokta."

Dokta alicheka mpaka akakohoa. Akaendelea kueleza kwamba hapo pana shida. Kile kipande cha kuanzia kimejikunja chenyewe, na uzi wa kirusi nao umejikunja wenyewe. Herufi za huku zinaoana na herufi za kule, lakini zimefichwa ndani ya mikunjo, haziwezi kukutana. Hapo ndipo inapoingia ile protini. Ni ndogo, ina vidole viwili, na kila kidole kimekumbatia chembe moja ya zinki. Haikati uzi, haigundishi. Inalegeza tu na kuzisogeza nyuzi karibu, mpaka zile herufi zionane na kushikana. Baadaye, kazi ya kuandika ikiendelea na uzi mpya ukitakiwa kuruka kutoka ncha moja kwenda nyingine, inasaidia tena kwa namna hiyohiyo.

"Sasa hapo inafanya nini hasa?" Raheli aliuliza. "Kama haikati wala haigundishi, si imekaa tu?"

Mimi nilikuwa nimeshaandika kila kitu, kwa Kiingereza, na majina yake yote. Sikuwa na swali. Siku hizi nikiona mwanafunzi asiye na swali huwa naingiwa na wasiwasi, lakini wakati ule niliona ni alama ya ushindi. Kilichoniuma ni kwamba Dokta, akieleza jambo gumu, aliutazama uso wa Raheli. Mimi nilikuwa naelewa, na hakuna anayeutazama uso wa mtu anayeelewa.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa namsuka. Alikuwa ameziosha nywele kwa sabuni ya kufulia na kuziacha zikauke bila kuchanwa, kwa hiyo zilijishika kichwani kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye chujio. Alikaa sakafuni kati ya magoti yangu, mimi nimekaa kitandani, chanuo langu la mti mkononi. Jikoni wapishi walikuwa wanachambua maharage na kumsema mchungaji. Nilimchana, akapiga kelele.

"Foibe! Unaning'oa!"

"Tulia. Huwezi kusokota nywele zilizojikunjia zenyewe. Lazima kila upande ufunguliwe kwanza, ndipo upande huu uukute ule." Nikasimamisha mkono. Wazo lilikuja hivyo tu, bila kutafutwa. "Ndiyo protini ya Dokta hii."

"Nini?"

"Chanuo. Halikati nywele, halizifungi. Linafungua mafundo tu, nyuzi mbili zinakutana, zinasokotwa. Ukishamaliza kusuka, chanuo halibaki kichwani. Mtu akikuona njiani anasema umesukwa vizuri, hakuna anayesema umechanwa vizuri. Lakini bila chanuo husukwi."

 Raheli akageuza kichwa, nywele nusu zimesimama nusu zimelala. "Rudia."

Nikarudia. Akaanza kupiga makofi peke yake pale chini. "Umenifungulia! Jumatatu mwambie Dokta, Foibe. Mwambie hivyohivyo."

"Nikamwambie Dokta mambo ya nywele? Anione mshamba?"

"Atafurahi."

"Hayo ni maneno ya huku chumbani," nikamwambia. "Geuka nimalize."

Yalikuwa maneno yangu hayo, yote mawili: la chanuo na la kulikataa. Nayaweka yote hapa kwa sababu kwa miaka mingi nilikumbuka la kwanza tu.

Miezi ile ilipozidi kusonga, nikaanza kuhesabu vitu visivyohesabika. Nani alisalimiwa kwanza. Nani aliulizwa, "Umeonaje?" Siku moja, nikiwa kitandani na homa, nilisikia wapishi wakizungumza upande wa pili wa mbao. Mmoja alisema yule mrefu ndiye atakayepelekwa, maana kichwa chake kinachemka. Mimi ndiye mrefu. Nikavuta blanketi nikatabasamu. Yule mwingine, ambaye hakuwa mwepesi wa kusema, akajibu, "Mrefu anajua vitu. Mfupi anajua watu. Sijui Dokta anataka nini." Homa ikapanda. Raheli aliporudi na limau na maji ya moto nilimwambia ayaweke mezani, nitakunywa mwenyewe. Aliweka. Akanipapasa paji la uso kwa mkono wake wa baridi, na mimi nikawa namchukia huku naomba moyoni asiuondoe ule mkono.

Alichokuwa anakitaka Dokta tulikijua karibu na mwisho wa mwaka, kwa sababu ya mumiani. Mtu alieneza maneno sokoni kwamba damu inayochukuliwa hospitali haipimwi, inapelekwa kuuzwa, na kwamba yule mtu wa sweta mbili ndiye mumiani mwenyewe. Wagonjwa wakaanza kukataa kutoa damu ya utafiti. Walikuja kuchukua dawa, wakakunja mikono, wakasema dawa ndiyo, damu hapana. Dokta alitaka kuondoka. Mama Eunike, kiongozi wa kikundi cha watu wanaoishi na virusi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyemwambia, "Dokta, watu hawakukatai wewe. Hawajui unatafuta nini kwenye damu yao. Waambie." Ndipo Dokta akaamua jambo ambalo hata leo naona lilikuwa la haki, kwa bahati mbaya. Siku ya kliniki, mbele ya wagonjwa wote, kila mmoja wetu angeeleza ile protini inafanya nini na kwa nini inatafutwa. Atakayewafanya watu waelewe ndiye atakayekwenda, maana utafiti wote ungesimama au kuanguka kwa hilo.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani wa taifa. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na ni kosa la sisi watu wa huku tuliosomeshwa kwa shida: tunaamini kwamba jambo likisemwa kwa lugha ya nyumbani limepungua thamani. Tumefika mbali na jikoni kwa miguu yetu wenyewe, hatutaki kurudishwa. Nilisimama kwenye ubao, nikachora nyuzi, nikazitaja herufi, nikazitaja zile zinki, nikachanganya Kiswahili cha kitabuni na Kiingereza cha Dokta. Sikukosea hata neno moja. Watu walikaa kwenye mabenchi, wamejifunika vitenge kwa sababu ya baridi, wakanisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza walipiga makofi. Mama Eunike akasema, "Asante mwanangu, umesoma." Nilifurahi. Sikujua bado kwamba mtu akikuambia umesoma, mara nyingi maana yake hajaelewa.

Raheli hakwenda kwenye ubao. Alianza kwa salamu ya Kishambaa, "Onga mshi," benchi baada ya benchi, mpaka nikaona haya kwa ajili yake. Kisha akamwomba msichana mmoja aliyekuja na mama yake afungue kilemba. Nywele za yule msichana zilikuwa hazijachanwa siku nyingi. Raheli akatia mkono mfukoni, akatoa chanuo. Lilikuwa langu. Nilikuwa nimelitafuta asubuhi ile nikadhani limeanguka nyuma ya kitanda.

Alizungumza Kishambaa kitupu, na hakuzungumza kwa muda mrefu. Alijaribu kusokota nywele zikiwa vilevile, zikamshinda, wanawake wakacheka na kumpa maelekezo. Akawauliza, basi nifanyeje? Wakamjibu kwa sauti moja, achane kwanza. Akachana, polepole, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Akasokota. Akawaonyesha msokoto, kisha akawaonyesha chanuo, akaliweka nyuma ya mgongo wake. Mdudu huyu, akasema, anasuka ndani ya damu ya mtu. Ana chanuo lake. Ni dogo, lina meno mawili tu. Dokta hataki damu yenu. Anatafuta lile chanuo, alione lilivyo, ili siku moja apatikane mtu wa kuliziba meno. Mdudu akikosa chanuo, nywele zitabaki zimejikunja, hatasuka kitu.

 Mzee mmoja, mwanamume, nyuma kabisa, akakunja mkono wa shati lake.  Aliukunja tu mpaka juu ya kiwiko na kuunyoosha mkono mbele, na waliokaa naye wakaanza kukunja ya kwao. Nilikuwa nimesimama karibu na ubao wangu uliojaa. Niliona Dokta Salimu anavua miwani na kuifuta kwa sweta. Matroni, aliyekuwa pembeni yangu, akaninong'oneza kwa furaha, "Chanda chema huvikwa pete," na mimi nikavitazama vidole vyangu, vina chaki.

Sikusema naye siku kadhaa. Tulilala chumba kile, tukala sufuria moja, na mimi nilimjibu kwa "ndiyo" na "hapana" kama karani. Mwishowe alinifuata nyuma ya hospitali, kwenye shamba la viazi lililokuwa limevunwa juma lile. Wanawake wa kijiji walikuwa wanaokota vilivyosalia, kama kawaida yetu: shamba likishavunwa, kilichobaki udongoni ni cha atakayeinama, wala hakuna anayemwita mwizi.

"Foibe," akasema, "ulivuna ukaenda zako. Mimi nimeokota."

Ilikuwa hoja nzuri, na ilinikasirisha zaidi kwa kuwa nzuri. "Anayeokota humsalimu kwanza mwenye shamba," nikamjibu.

 Raheli aliyekuwa akisalimia kila mtu, hata mbuzi wa watu, alikuwa hakunisalimia mimi. Niliona limemwingia. Lakini gari la kumpeleka Dar es Salaam lilikuwa limeshapangwa, na watu wa umri ule hawajui kuomba radhi. Wanajua kulia tu. Akalia. Akanirudishia chanuo. Nikaenda zangu chuo cha ualimu mwaka uliofuata, na chanuo nikalitia sandukuni, wala sikulitumia tena kusukia mtu.

Nilimfuatilia kwa mbali, kama mtu anavyofuatilia jino bovu kwa ulimi. Nilijua alipopata shahada, alipopata ya pili, alipoanza kuitwa kwenye mikutano. Nilijua pia kwamba dawa ya kuziba meno ya lile chanuo haikupatikana. Dawa nyingine zilikuja, nzuri, watu wakaishi nazo na kuzeeka, lakini ile yake haikupatikana. Kila kitu kilichovishika vile vidole viwili vya zinki kilishika na vidole vya protini za mtu mwenyewe, kikawa sumu. Amekaa mbele ya mlango huo maisha yake yote na haujafunguka. Unaweza kudhani nilifurahi. Nilijaribu kufurahi. Badala yake nilimwonea wivu hata huko kushindwa, maana kulikuwa kushindwa kwa mtu aliye mlangoni, na mimi nilikuwa nasoma habari za mlango.

Basi akaja. Alikuwa mnene kidogo, nywele zake nyingi zimeingia mvi, na alimpa mlinzi wa shule shikamoo yake kamili kabla hajanikumbatia. Ukumbini wasichana wangu walijaa mpaka madirishani. Nilikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, nikisubiri. Akatoa chanuo mfukoni, jipya, la plastiki. Akamwita Mwanaidi wa kidato cha tano, ambaye nywele zake ni fupi kwa sheria za shule, wote wakacheka, kwa hiyo akatumia nyuzi za sufi. Alieleza yote. Alieleza vizuri kuliko alivyoeleza mwaka ule, na nikajua ameyasema maneno hayo mahali pengi, kwa lugha nyingi. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa, huo mfano wa chanuo uliutoa kitabu gani?"

Raheli hakusita. "Sikuutoa kitabuni. Nilipewa nikiwa nimekaa sakafuni, nasukwa. Aliyeusema ni huyu hapa, Mwalimu Foibe wenu. Mimi niliuchukua bila kumsalimu, nikasomea, nikapandia vyeo. Kila ninapofundisha nasema jina lake, lakini hapa ndipo nilipotakiwa kulisema kwanza." Kisha akanigeukia, mbele ya shule nzima, mbele ya mkuu wa shule na walimu wenzangu, akapiga magoti nusu kama tunavyofanya kwa wakubwa, ingawa tuko rika moja. "Shikamoo, mwenye shamba."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wasichana waligonga madawati. Nikajibu, "Marahaba," kwa sababu mtu akikuamkia hujibu, na machozi yalinitoka na sikuyazuia.

Nyumbani, jua likiwa bado liko juu ya mikaratusi, tulikula kuku na ndizi, tukaongea habari za Dokta Salimu, aliyefariki, na Mama Eunike, aliye hai na anayegombana na wakwe zake. Raheli akaomba nimsuke, kwa kuwa kesho anaondoka. Nikafungua sanduku, nikatoa chanuo la mti. Akalitambua, akakaa sakafuni kati ya magoti yangu. Magoti yangu siku hizi yanauma. Nikamwambia asiniegemee sana.

Nilimchana, na nikajipima moyoni, kama mtu anayekanyaga mguu uliovunjika kuona kama umeunga. Nilikuwa nimelipwa. Lile dogo nililolisubiri lilikuja kubwa kuliko nilivyoliomba, mbele ya watu, na magoti yakapigwa. Na wivu ulikuwepo, palepale, haukusogea hata kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa na sababu ya kumwonea wivu. Ameichukua sababu, nimebaki na wivu mtupu. Sikuwahi kuyataka maneno yangu yarudishwe. Nilichokitaka ni zile asubuhi zake, nilitaka kukaa mbele ya ule mlango usiofunguka na kushindwa nao mimi mwenyewe.

"Bado una hasira na mimi?" akauliza, akiangalia mbele.

"Hasira sina."

"Na lile lingine?"

"Lile lipo."

Hakucheka wala hakugeuka. Nilishika fundo la nyuma ya sikio, palipokuwa na mvi nyingi zilizojishika, nikaanza kulifungua kwa ncha ya chanuo, polepole kuliko nilivyowahi kumfungulia.

"Haya," nikamwambia, "nieleze tangu mwanzo. Ile zinki ikitoka kwenye kidole, nini kinatokea?"

Akaanza kunieleza. Nikasikiliza, nikimchana, nikimwonea wivu kwa kila neno, na kila alipotaka kufupisha nilimvuta nywele kidogo, aendelee.